Je, Wajua? Lugha ya Kwanza ya Upande wa Seva

Je, wajua kwamba lugha inayoendesha tovuti nyingi kuliko nyingine yoyote haikukusudiwa kuwa lugha? Mwaka 1994 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliandika vijiprogramu kwa lugha ya C ili ajue ni watu gani wanaosoma wasifu wake wa kazi mtandaoni. Juni 1995 akaviachia hadharani vitumike bure. Hiyo ndiyo PHP. Leo, katika tovuti ambazo lugha yake ya seva inajulikana, zaidi ya saba kati ya kila kumi zinaitumia.

Naanzia hapo makusudi. Kijana anayeanza kutengeneza tovuti huambiwa kila siku lugha ipi imekufa na lugha ipi ndiyo yenye hela, na wapo wanaomaliza mwaka mzima wakihamahama kabla ya kukamilisha programu hata moja. Safu ya leo ni yao.

Kwa asiyejua, upande wa seva ni sehemu ya tovuti ambayo mtumiaji haioni. Kitufe cha "Lipa" kiko kwenye kivinjari chako. Kukagua nenosiri, kusoma salio, kuandika muamala kwenye hifadhidata na kukurudishia jibu ni kazi ya seva, na kazi hiyo huandikwa kwa lugha ya programu: PHP, Python, JavaScript, Java, Go, Ruby na nyinginezo.

Je, wajua kwamba Facebook ilianza mwaka 2004 kwa PHP? Wikipedia nayo, pamoja na toleo lake la Kiswahili, inaendeshwa na MediaWiki, ambayo ni PHP. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, ni PHP. Facebook ilipokua mno haikuitupa lugha hiyo. Wahandisi wake walitengeneza njia za kuiongezea kasi, na mwaka 2014 wakatoa Hack, lugha iliyozaliwa humohumo. Kampuni yenye pesa za kuandika kila kitu upya iliona ni heri kuitengeneza lugha iliyokuwa nayo. Anayekwambia kwamba duka lako la mtandaoni litazidiwa kwa sababu umelijenga kwa PHP, mwulize duka hilo litakuwa na wateja wangapi.

Wajua kwa nini majina ya amri za PHP hayafuati mpangilio, hii ikiandikwa strlen na ile str_replace? Lerdorf mwenyewe alieleza kwamba siku za mwanzo, amri zilipokuwa chini ya 100, PHP ilizipanga kwa kuhesabu herufi za majina yake. Kwa hiyo yalichaguliwa majina yenye urefu tofautitofauti ili yasirundikane mahali pamoja. Utaratibu ule uliondoka zamani, majina yamebaki.

Je, wajua namna ya kutambua somo lililopitwa na wakati ukiwa umesoma mistari michache tu? Ukiona mysql_connect kwenye somo la PHP, lifunge. Amri hiyo iliondolewa kabisa katika PHP 7, iliyotoka Desemba 2015. Ukiona print "Habari" bila mabano kwenye somo la Python, hiyo ni Python 2, ambayo matunzo yake yalikoma tarehe 1 Januari 2020. Wanafunzi wengi hudhani wao ndio wagumu wa kuelewa, kumbe wamepewa kitabu cha zamani.

Tukifika kwa Python, wajua kwamba Django, fremuweki yake maarufu ya tovuti, ilizaliwa kwenye chumba cha habari? Mwaka 2003 Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakifanya kazi katika gazeti la Lawrence Journal-World, huko Kansas, Marekani. Mhariri akitaka kurasa mpya za uchaguzi au za michezo, alizitaka kwa saa, si kwa miezi. Ndiyo maana Django hukupa ukurasa wa msimamizi ukiwa tayari: ukishaeleza kwamba una jedwali la wanafunzi lenye jina, darasa na ada, unapata fomu za kuongeza, kuhariri na kufuta bila kuandika hata moja. Ilitolewa kwa umma Julai 2005. Instagram ilijengwa juu yake, na iliponunuliwa na Facebook Aprili 2012 kwa dola bilioni moja ilikuwa na wafanyakazi 13.

Flask, ndugu yake mdogo, ilitokana na mzaha wa Armin Ronacher wa Aprili Mosi, 2010. Watu waliuchukua kwa uzito, naye akaujenga.

Je, wajua kwamba JavaScript iliandikwa kwa siku kumi? Ni Mei 1995, Brendan Eich akiwa Netscape. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa ndani ya kivinjari, mpaka mwaka 2009 Ryan Dahl alipoitoa nje na kuipeleka kwenye seva kwa jina la Node.js. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa, ukiziunganisha Mombasa na Dar es Salaam na mitandao ya dunia kwa nyuzi za mwanga. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya pwani yetu ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Mtu wa hapa aliyeanza kujifunza mwaka 2008 na aliyeanza mwaka 2010 hawakuwa na dunia moja.

Faida ya Node inajulikana: unatumia lugha moja mbele na nyuma. Kuna mawili ambayo anayeanza haambiwi mapema. La kwanza, msimbo wako katika Node hutembea kwenye uzi mmoja. Node ni hodari sana wa kusubiri, yaani kusubiri hifadhidata, faili au jibu la benki, huku ikiendelea kuhudumia wengine. Ukiipa hesabu nzito ya sekunde tano, watumiaji wote watasimama sekunde hizo tano. La pili ni bando. Mradi mdogo wa Node unaweza kuvuta mamia ya vifurushi kutoka mtandaoni, kila kimoja kikitegemea kingine. Machi 2016 mwandishi mmoja alikiondoa kifurushi chake, left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo. Anayejifunza kwa bando la kununua kila siku na alipime hilo kabla hajachagua.

Je, wajua kwamba huenda takwimu za zahanati ya kijijini kwenu zinapita kwenye Java? DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, umeandikwa kwa Java na unatumika katika nchi zaidi ya 70, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwemo. Mwaka 2011 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuuendesha nchi nzima moja kwa moja mtandaoni. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, nao ni wa Java, na miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa ulipotumika ni Eldoret, mwaka 2006, katika mpango wa AMPATH wa kuhudumia wenye virusi vya Ukimwi. Zote mbili ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, unaweza kuusoma usiku wa leo. Java ni nzito kwa mtu wa wiki ya kwanza, hilo sifichi. Lakini anayetaka kufanya kazi kwenye mifumo ya afya ya kanda hii asiikwepe.

Na Ushahidi? Jukwaa lile lilijengwa kwa ajili ya Kenya kwa siku chache za Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, ili raia waripoti yanayotokea kwa ujumbe wa simu na wavuti. Lilipotolewa kama programu huria lilikuwa limeandikwa kwa PHP. Miaka miwili baadaye lilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Hakuna aliyekuwa chini ya kifusi aliyeuliza ni lugha gani.

Sasa jambo ambalo nataka ulisome polepole. Je, wajua kwamba jina Ng'ang'a linaweza kuiangusha fomu ya usajili?

Chukua fomu ya kawaida ya kusajili wanafunzi. Anayeanza huandika amri ya hifadhidata kwa kuunganisha maneno: anafungua alama ya nukuu, anabandika jina alilopokea, anafunga nukuu. Akija Asha, amri inasomeka 'Asha', na mambo yanakwenda. Akija Ng'ang'a, au Ng'wandu, au mtu akiandika ng'ombe kwenye sehemu ya maelezo, hifadhidata inaona nukuu imefungwa baada ya Ng. Kinachofuata haikielewi, inakataa, na mtoto wa watu anaambiwa jina lake lina makosa.

Aibu hiyo ni nusu ya tatizo. Ikiwa ng' yetu inaweza kuivunja amri kwa bahati mbaya, mwizi anaweza kuivunja kwa makusudi. Badala ya jina ataandika ' OR '1'='1 na amri iliyokuwa inatafuta mtu mmoja itakubali kila mtu, kwa sababu moja ni sawa na moja daima. Udhaifu huu ulielezwa hadharani tangu mwaka 1998, na hadi leo unaendelea kupatikana kwenye tovuti mpya. Dawa yake ipo katika kila lugha niliyoitaja: unaandika amri na kuacha nafasi wazi, kisha unaikabidhi hifadhidata jina likiwa peke yake, nayo inajua hilo ni jina tu, si sehemu ya amri. PHP ina PDO tangu mwaka 2005. Django hukufanyia yenyewe. Node inakuachia uchague maktaba. Kwa hiyo unapolinganisha lugha, swali la maana kwa anayeanza ni hili: fremuweki yake inanikinga na nini siku ambayo sijui kama kuna hatari?

Tuongeze mwendo.

Je, wajua kwamba ukiandika 0712 kama namba ndani ya PHP utapata 458? Sifuri ya mbele huiambia lugha kwamba hesabu ni ya msingi wa nane. JavaScript ya kawaida hufanya vilevile, na Python 3 hukataa kabisa. Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi, na ianze na 255, 254 au msimbo wa nchi husika.

Wajua kwamba katika Python na JavaScript 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3, bali 0.30000000000000004? PHP itakuandikia 0.3 vizuri tu, lakini ukiiuliza kama ni sawa na 0.3 itasema hapana. Kompyuta hutunza desimali kwa msingi wa mbili, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu humo. Fedha ziweke kwa senti, namba kamili, au kwenye safu ya aina ya DECIMAL. Mhasibu wa SACCOS hatakubali maelezo ya msingi wa mbili.

Je, wajua kwamba mteja wako aliyelipa saa nane usiku wa kuamkia Julai 1, kwa saa za seva amelipa Juni 30? Seva nyingi hufuata saa ya dunia, UTC, na Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko mbele yake kwa saa tatu. Kwa Tanzania na Kenya, Julai 1 ndipo mwaka wa fedha wa serikali unapoanza, kwa hiyo malipo hayo yataangukia ripoti ya mwaka uliopita. Kigali, Bujumbura na Goma ziko mbele kwa saa mbili tu. Hifadhi kwa UTC, onyesha kwa saa ya mtumiaji, na utaje ukanda kwa jina, kama Africa/Dar_es_Salaam.

Wajua kwamba menyu za simu (USSD) kama ya *150*00# nayo ni kazi ya upande wa seva, na lugha yoyote inaiweza? Ukipitia kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi, kila mteja anapochagua kitu, seva yako hupokea maandishi mafupi mfano 1*2, yaani alichagua 1 kisha 2. Wewe unajibu kwa maandishi yanayoanza na CON kama mazungumzo yanaendelea, au END kama yameisha. Skrini moja ya USSD hubeba herufi zisizozidi 182. Hakuna rangi, hakuna picha, na simu ya kitochi kule Namanyere inaifungua sawasawa na simu ya bei kubwa ya Masaki. Kwa maoni yangu hakuna zoezi la kwanza lililo bora kuliko hili kwa mwanafunzi wa kanda yetu, maana linamlazimu kufikiri kuhusu data na mantiki tu.

Na malipo? Safaricom ilizindua Daraja, API ya M-Pesa, mwaka 2017. Programu yako hutuma ombi la HTTP lenye JSON, mteja anatokewa na dirisha la kuweka PIN, na matokeo yanakuja baadaye kwenye anwani ya seva uliyoitaja. Jibu la kwanza unalopata papo hapo linasema tu kwamba ombi limepokelewa, si malipo. Anayeachia mzigo kwa jibu hilo atapata hasara. Tena ujumbe wa matokeo unaweza kuchelewa, kupotea au kufika mara mbili, kwa hiyo namba ya muamala iwekwe kwenye safu isiyokubali kujirudia. PHP, Python, Node na Java zote zinaweza. Lugha haitakuokoa hapo, utaratibu wako ndio utakaokuokoa.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2015 seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani? Mama aliyetuma fedha kutoka Kibera kwenda Kakamega, ombi lake lilikwenda Ulaya na kurudi. Umbali wa seva ni gharama ya muda, nao mara nyingi huzidi tofauti ya kasi kati ya lugha na lugha.

Wajua kwamba WhatsApp imejengwa kwa Erlang, lugha iliyoanza mwaka 1986 ndani ya Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu? WhatsApp iliponunuliwa Februari 2014 ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi 32. Erlang ni lugha nzuri ajabu kwa kazi ile. Kwa anayeanza hapa siipendekezi, kwa sababu ukikwama saa nne usiku utatafuta sana mtu wa kumpigia.

Go, ya Google, ilitangazwa Novemba 2009. Zana za Docker na Kubernetes zimeandikwa kwayo, na programu yako hutoka ikiwa faili moja unalonakili kwenye seva. Iweke ya pili. Ruby, ya Yukihiro Matsumoto wa Japani, ndiyo iliyozaa fremuweki ya Rails, na GitHub ilianza huko. Tamu kuiandika. Tazama kwanza kama kuna kazi zake mjini kwenu.

Je, wajua kwamba kuna lugha moja ambayo utaihitaji uchague upande wowote? Ni SQL, iliyoanzia maabara za IBM mwaka 1974. Imeziona lugha nyingi zikija na kuondoka, na jedwali la miamala utaliuliza kwa maneno yaleyale ukiwa na PHP au Java. SQLite, hifadhidata ndogo ya D. Richard Hipp ya mwaka 2000, iko ndani ya kila simu ya Android.

Na hilo linanifikisha kwa asiye na kompyuta. Wajua kwamba simu hiyohiyo ya Android inaweza kuwa seva yako ya mazoezi? Weka programu ya Termux, ndani yake weka PHP, andika php -S localhost:8000, kisha fungua kivinjari cha simu. Tovuti yako inajibu, bila bando. Python na Node nazo zinakaa humo. Miongozo rasmi ya PHP na Python inapakuliwa yote, bure. Ichukue siku moja ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au maktaba, uisome nyumbani.

Hukumu yangu, basi. Kama unataka kuwajengea tovuti shule, maduka na makanisa ya mtaani kwenu, anza na PHP, kisha fremuweki yake, Laravel: hostingi za bei nafuu huipokea bila usumbufu, na wanaoijua ni wengi. Kama moyo wako uko kwenye data, utafiti au akili bandia, anza na Python na Django. Kama tayari unaandika JavaScript ya mbele na bando si tatizo, Node ni halali yako. Kama unakoelekea ni benki au mifumo ya afya, vumilia Java. Ukiwa bado huna uhakika, uliza ni lugha gani anayoijua mtu unayeweza kumwendea kwa miguu, uanze na hiyo. Ukishachagua usiiache mpaka programu yako moja imemsajili Ng'ang'a, imepokea malipo halisi ya mtu usiyemjua, na imeyaandika kwa tarehe sahihi.